Buibui Usiyemjua Bustanini: Ni Huyu au Yule?

Mtu akikuta buibui mgeni kwenye maua, jicho hukimbilia rangi, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Buibui mmoja aitwaye mjane wa kahawia huwa na rangi ya mchanga, na mwenzake aliye hatua mbili pembeni akawa karibu mweusi. Buibui-kaa anayeotea wadudu juu ya ua anaweza kugeuka kutoka mweupe hadi wa manjano ndani ya siku chache. Anayeanza na rangi hufika kwenye jina lisilo lake. Anayeanza na utando, mahali na kifuko cha mayai huwa amepunguza orodha sana kabla hata hajamsogelea mnyama mwenyewe.

Tunaowalinganisha hapa ni buibui wa bustani, nyua na kuta za nje za Afrika Mashariki, kuanzia Mombasa, Tanga na Unguja hadi kando ya Ziwa Victoria. Tumewaweka pamoja wale wanaochanganywa, kwa sababu swali la kweli bustanini huwa ni moja: ni huyu au ni yule? Wanaohitaji tahadhari ya dhati ni makundi mawili, mjane wa kahawia na buibui-nyani. Wengine waache waendelee na kazi yao ya kula nzi, nondo, panzi na mende.

Hakikisha kwanza kuwa ni buibui

Mwili wa buibui una sehemu mbili zilizoungwa na kiuno chembamba: ya mbele yenye macho, meno na miguu, na ya nyuma ambayo ni tumbo. Ana miguu minane na hana vipapasio. Viungo viwili vifupi vya mbele, vinavyofanana na miguu midogo, ni vya kugusia. Kwa dume aliyekomaa ncha zake huvimba, na hiyo ndiyo njia ya haraka ya kumtofautisha na jike. Ni jambo la maana, kwa kuwa dume wa aina nyingi hafanani na jike wake hata kidogo.

Kwenye miembe na michungwa yenye majimoto kuna buibui wa jenasi ya Myrmarachne anayewaiga wadudu hao: mwembamba, mwepesi, na miguu ya mbele ameinyanyua kana kwamba ni vipapasio. Gonga tawi kwa kijiti. Sisimizi ataanguka moja kwa moja. Huyu atabaki ananing'inia kwa uzi.

Kinyume chake, yule mwenye kasi anayekuja kwenye taa usiku, mwenye meno mawili mazito yanayochomoza mbele ya uso na anayeonekana kuwa na miguu kumi, si buibui. Ni mnyama wa oda ya Solifugae, hana tezi za sumu, ingawa akibana anauma. Mwenye miguu mirefu kama nyuzi na mwili wa kipande kimoja kisicho na kiuno naye si buibui. Ni wa oda ya Opiliones, na hana sumu pia.

Kitu kingine kinachowadanganya wengi ni gamba. Buibui akikua huvua ngozi yote, na ngozi hiyo hubaki na umbo kamili, miguu na manyoya. Igeuze kwa kijiti: kama kifuniko cha sehemu ya mbele kimefunguka na ndani ni kutupu, hujapata maiti, umepata gamba, na mwenyewe yuko karibu akiwa mkubwa zaidi.

Picha nne kabla ya kumgusa

Picha moja ya mgongo haitoshi. Inayoamua mara nyingi ni ya tumbo kwa chini. Piga nne: mgongo kutoka juu, upande wa chini wa mwili, uso ili macho yaonekane, na utando wote pamoja na mahali ulipofungwa. Weka rula karibu, kisha upime mwili peke yake bila miguu. Mtu aliyeshtuka hupima miguu, ndiyo maana buibui wa sentimita 2 husimuliwa kuwa wa sentimita 10.

Aliye kwenye utando mpige picha pande zote mbili, kwa kuwa upande mmoja utakuonyesha mgongo na wa pili tumbo. Anayekimbia mfunike kwa glasi ya kung'aa, pitisha karatasi ngumu chini yake, kisha umtazame kwa chini kupitia kitako cha glasi. Akihangaika sana, mweke na chombo chake ndani ya friji kwa dakika 5 hadi 10 ili apoe na kutulia. Usimweke kwenye friza, utamuua.

Utando ambao hauonekani vizuri unyunyizie maji kwa chupa ya kupulizia, matone madogo kabisa, au subiri umande wa asubuhi. Kuna wanaotumia unga. Unga unaonyesha umbo vizuri lakini unaharibu gundi, na buibui hulazimika kuufuma upya.

Utando wa mviringo: wa dhahabu, wa X au wa miiba?

Hawa watatu ndio wanaoletwa kwa hofu kubwa kuliko wengine, hasa mvua zikishapita na majike yakiwa yamenenepa, na wote watatu si hatari kwa binadamu.

Buibui wa utando wa dhahabu, wa jenasi ya Trichonephila, ndiye mkubwa: mwili wa jike huwa kati ya sentimita 2 na 4, miguu mirefu sana, na utando unaoweza kuzidi mita moja kwa upana, uliofungwa kati ya mti na mti au mti na paa. Nyuzi zake ni za manjano ya dhahabu. Kwenye kivuli rangi hiyo hupotea, kwa hiyo weka nguo nyeusi nyuma ya utando na uelekeze tochi kwa pembeni. Kitovu cha utando hakiko katikati. Kiko karibu na ukingo wa juu. Mbele na nyuma mara nyingi pana nyuzi za ovyo zinazoukinga, na humo hunasa mabaki ya mawindo. Ukiona pia vibuibui vidogo vya rangi ya fedha vinavyong'aa, usidhani ni watoto wake. Hao ni Argyrodes, wezi wanaoishi kwenye utando wa mwingine na kula vidogo vinavyonaswa. Dume wa Trichonephila naye ni mdogo ajabu, chini ya sentimita moja, ananyemelea pembeni ya kitovu.

Wa pili ni Argiope, buibui wa X. Mwili wa jike ni sentimita 1.5 hadi 2.5, tumbo lina mistari ya manjano, nyeupe na nyeusi au limekatika kingo, na anaposhika utando miguu huipanga jozi jozi hadi mnyama mzima akafanya umbo la X. Utando wake uko chini zaidi, usawa wa magoti hadi kifua, kwenye nyasi, michaichai na miche ya mboga, na kitovu kiko karibu na katikati. Alama yake kuu ni ushonaji wa zigizaga mweupe mnene unaofuata miguu. Hapa kuna mtego: ushonaji huo si lazima uwe na mikono minne. Leo unaweza kuukuta miwili, kesho mmoja, keshokutwa hakuna. Wachanga hushona duara badala ya X. Kwa hiyo kukosekana kwa X hakumtoi kwenye orodha. Tazama miguu na urefu wa utando kutoka ardhini. Ukimkaribia mno hutikisa utando wote kwa nguvu hadi umbo lake likawa ukungu, na huko ni kujihami tu.

Wa tatu, Gasteracantha, hachanganywi na mtu baada ya kumwona mara moja. Tumbo ni gumu, pana kuliko urefu wake, lina upana wa sentimita moja hivi, linang'aa kwa nyekundu, manjano, nyeupe au nyeusi, na limezungukwa na miiba sita. Miiba haichomi wala haina sumu. Watu hubishana kuhusu rangi yake, ilhali jibu liko kwenye umbo la miiba: katika Gasteracantha falcicornis ile ya kati imepinda na ni mirefu sana, katika wengine ni mifupi. Nyuzi zinazoshikilia utando zina vishada vidogo vyeupe vya hariri, vinavyoonekana vikielea hewani kabla hujauona utando wenyewe.

Uamuzi wa nini ufanye unatofautiana kidogo. Argiope huusuka upya utando wake karibu kila usiku, hivyo ukifungwa njiani ukate jioni na atahamia pembeni bila hasara kubwa. Trichonephila hutengeneza upya sehemu tu kila mara na ule mkubwa hukaa kwa muda mrefu. Ukiubomoa wote umemtia hasara. Kata uzi mmoja unaovuka njia, upande wa kichwani kwako, umwachie uliobaki.

Nyuzi za ovyo chini ya vyungu: hapa ndipo pa kuwa makini

Mjane wa kahawia, Latrodectus geometricus, hapendi maua. Anapenda vitu vyetu. Mtafute chini ya ukingo wa vyungu vya maua, chini ya viti vya plastiki, ndani ya matairi ya zamani, kwenye boksi la mita, ndani ya mpini wa pipa la taka, kwenye viatu vya shamba vilivyoachwa nje. Humo hutandaza nyuzi zisizo na mpango, na ukizikata kwa kijiti utahisi ukinzani na kusikia mkatiko, kwa sababu ni imara kuliko za buibui wengi wa ukubwa wake. Mwili wa jike ni kama sentimita moja, tumbo la duara.

Anachanganywa na wawili. Wa kwanza ni jamaa zake wasio na madhara makubwa, Parasteatoda na Steatoda, wanaofuma nyuzi za ovyo vilevile na wana tumbo la duara vilevile. Wa pili ni Nephilingis cruentata, wa kwenye kuta za nyumba, ambaye watu humwita mjane kwa sababu ana wekundu chini ya mwili. Huyu wa pili ndiye anayeuawa bure kuliko wote.

| | Mjane wa kahawia | Parasteatoda, Steatoda | Nephilingis |
|---|---|---|---|
| Mahali | Chini, palipojificha, kwenye vifaa | Kona za kuta, madirisha, mabanda | Ukuta au shina, hasa chini ya paa |
| Utando | Nyuzi za ovyo, ngumu kukatika | Nyuzi za ovyo, laini | Mviringo uliorefuka kwenda chini, juu una bomba la hariri la kujifichia |
| Mwili wa jike | Sentimita 1 hivi | Chini ya sentimita 1 | Zaidi ya sentimita 1.5, miguu mirefu |
| Upande wa chini | Alama ya rangi ya chungwa au nyekundu kwenye tumbo, pembetatu mbili zinazokutana kwa ncha | Hakuna alama hiyo | Wekundu kwenye kifua, katikati ya mizizi ya miguu |
| Miguu | Pete za rangi nzito na nyepesi | Pete au hakuna | Pete au hakuna |
| Kifuko cha mayai | Tufe lenye vimiba kila upande | Kahawia umbo la tone, au cheupe chenye nyuzi legevu | Hakina vimiba |

Safu inayoamua ni ya mwisho. Kifuko cha mjane wa kahawia ni tufe la rangi ya krimu, kipenyo cha sentimita moja hivi, lililojaa vinundu vilivyochongoka vya hariri mithili ya tunda bichi la mbono. Hakuna buibui mwingine wa bustani za huku anayetaga kwenye kitu cha namna hiyo. Ukiviona vifuko vitatu vinne vya vimiba chini ya kiti, huhitaji kumwona mama yao ili ujue.

Alama ya tumboni nayo ni ya kuaminika, ila ina makosa mawili ya kawaida. La kwanza, watu huitafuta mgongoni. Mgongoni mjane wa kahawia ana michoro ya madoa na mistari, na alama yenyewe iko chini. Kwa kuwa huning'inia kichwachini na tumbo limeelekea juu, unapomtazama kwa juu kwenye utando wake huenda ndiyo unayoiona kwanza. La pili, watu hawatofautishi tumbo na kifua. Chora mstari wa kiuno akilini: wekundu ulio nyuma ya kiuno ni wa mjane, ulio mbele ya kiuno, pale miguu inapoota, ni wa Nephilingis.

Kuhusu hatari yake, tuwe wakweli. Mjane wa kahawia ni mwoga. Akisumbuliwa hujikunja na kudondoka. Huuma anapobanwa kwenye ngozi, mtu anaponyanyua chungu kwa vidole vilivyoingia chini ya ukingo au anapovaa kiatu. Mara nyingi kinachofuata ni maumivu na wekundu mahali hapo. Hata hivyo sumu ya jenasi yake hushambulia neva, na mtoto mdogo, mzee au mgonjwa hapaswi kufanyiwa majaribio ya kusubiri.

Kumwondoa hakuhitaji dawa ya kupuliza, ambayo humkosa mle alimojificha na badala yake huua nyuki wa bustani. Vaa glavu nene. Zungushia nyuzi na buibui kwenye kijiti au fagio la zamani, mbonyeze ardhini, kisha ponda vifuko kimoja kimoja. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika: kifuko kimoja kinaweza kuwa na mayai zaidi ya mia, na ukiacha vifuko umeahirisha tatizo tu. Baada ya hapo nyanyua vyungu kwa kushika pembeni, wala usiingize vidole chini ya ukingo, na viatu vya nje vikung'ute kabla ya kuvaa.

Ua mzima umefunikwa na hariri

Ukiona michongoma, mikonge au mti wa limau umefunikwa na mahema ya hariri yaliyoshikana, usiseme ni mjane. Huyo ni Cyrtophora citricola. Utando wake ni shuka la ulalo lililosukwa kwa vijitundu vidogo vya mraba, limevutwa juu katikati likawa hema, na juu yake pana nyuzi nyingi za ovyo. Nyuzi za hema hazina gundi: gusa kwa kidole kikavu, hazitanata. Jike hukaa katikati, chini ya hema, na vifuko vyake vya mayai huvipanga juu yake kimoja baada ya kingine kwenye uzi mmoja. Mamia huishi bega kwa bega, kila mmoja na hema lake. Hana hatari kwa mtu. Mti mkubwa hauumii. Mche mdogo uliofunikwa mpaka majani hayapati mwanga usafishe kwa fimbo, tena mapema asubuhi.

Hana utando: wa ukutani, wa ardhini au wa shimoni?

Mkubwa aliyebapa, anayekimbia kwa ubavu ukutani na kujipenyeza nyuma ya kabati, huwa ni Heteropoda venatoria, aliyeenea katika nchi nyingi za joto duniani. Upana wa miguu iliyonyooshwa hufika sentimita 10 na zaidi, miguu imeelekezwa pembeni na si mbele na nyuma, na chini ya macho ana mstari wa rangi hafifu unaokata uso. Macho manane yamepangwa safu mbili za manne manne. Jike hubeba kifuko cha mayai kilicho bapa chini ya mwili na hatakila chakula chochote kwa muda huo. Ni mlaji hodari wa mende. Anayemfukuza anabaki na mende.

Buibui-mbwamwitu, wa familia ya Lycosidae, yuko ardhini. Miguu yake imeelekea mbele na nyuma, rangi ni za udongo na majani makavu, na macho yake ndiyo utambulisho: manne madogo chini kwa safu, mawili makubwa juu yao, na mawili mengine nyuma zaidi. Toka usiku na tochi, ishike sambamba na macho yako usawa wa kipaji, na umulike nyasi. Nukta zinazorudisha mwanga wa kijani cha fedha ni macho yake. Ukiishika tochi kiunoni huoni kitu, maana mwanga hurudi ulikotoka. Jike hubandika kifuko cha mviringo mwisho wa tumbo na kukiburuza, na watoto wakianguliwa hupanda mgongoni kwake. Kwa hiyo buibui ambaye mgongo wake "unatembea" ni huyu. Anayebeba tufe la mayai kwa meno, si kwa mkia, ni wa familia ya Pisauridae.

Wa tatu ndiye wa kuheshimu. Buibui-nyani ni mzito, mwenye manyoya kila mahali, macho manane madogo yamerundikana kwenye kichuguu kimoja juu ya kichwa, na nyuma ya tumbo vinachomoza viungo viwili virefu vya kutoa hariri. Meno yake hushuka sambamba kutoka juu kwenda chini, ilhali ya buibui wengine wote tuliowataja hubana kutoka kushoto na kulia. Wawili wanajulikana zaidi. Pterinochilus murinus, aliyeelezwa na Pocock mwaka 1897, huwa wa kijivu, hudhurungi au rangi ya chungwa kali, na mbele mgongoni ana mistari myeusi inayotawanyika kutoka katikati. Hukaa kwenye shimo lenye hariri nyingi mdomoni au chini ya magogo na mizizi. Pelinobius muticus wa Kenya na Tanzania ni wa kahawia ya kutu, miguu yake ya nyuma ni minene kuliko ya mbele, na huchimba shimo refu la kwenda chini.

Shimo lenyewe linasaidia. Shimo jembamba la sentimita 1 au 2, lenye kizingiti kidogo cha vijiti na nyasi, mara nyingi ni la buibui-mbwamwitu. La mviringo, wazi, sentimita 2 hadi 5, lililotandikwa hariri ndani, lishuku kuwa la buibui-nyani. Lenye kifuniko cha udongo kinachofunguka kwa bawaba ya hariri ni la buibui wa mlango. Usiingize kidole, kijiti wala maji ya moto. Weka mawe matatu kulizunguka ili mlimaji alione, basi. Jike halihami bila sababu. Anayeonekana akizurura usiku, hasa mvua zinapoanza, huwa ni dume mwenye miguu mirefu anayetafuta mwenzi.

Buibui-nyani aliyekasirika hunyanyua miguu ya mbele na kuonyesha meno. Akifanya hivyo umeshapewa onyo, rudi nyuma. Kuumwa na Pterinochilus huleta maumivu makali na kukakamaa kwa misuli kunakoweza kudumu kwa siku kadhaa. Wa kuhamishwa afunikwe kwa ndoo, si kwa glasi ya kunywea maji.

Wadogo wa majani na maua

Buibui-kaa, Thomisus na jamaa zake, wana miguu miwili miwili ya mbele iliyo mirefu na kukunjuliwa pembeni, na hukaa bila kusogea juu ya ua wakisubiri nyuki. Wa kijani kibichi mwenye miguu yenye miiba mirefu iliyosimama ni Peucetia. Wenye macho mawili makubwa mbele, wanaokugeukia uso unapowasogelea na kuruka, ni buibui warukaji.

Katika warukaji yupo mmoja ambaye mtu wa kando ya Ziwa Victoria angefurahi kumtambua: Evarcha culicivora, aliyeelezwa kisayansi mwaka 2003, wa milimita 5 hivi, anayekaa kwenye kuta na mashina ya miti huko Kenya na Uganda. Anapendelea kuwinda mbu jike aliyeshiba damu, wakiwemo Anopheles wanaoeneza malaria. Kupuliza dawa ukutani ili kumwondoa huyu ni kumfukuza mlinzi.

Kidonda si lazima kiwe cha buibui

Wengine husema wamekojolewa na buibui wanapoamka na malengelenge ya mstari shingoni au usoni. Buibui hafanyi hivyo. Katika ukanda wetu mstari wa malengelenge unaounguza mara nyingi unatokana na nzi wa Nairobi, ambaye ni mbawakawa mwembamba mwenye mikanda myekundu na myeusi wa jenasi ya Paederus. Haumi wala hachomi. Akipondwa kwenye ngozi, majimaji yake huiunguza. Mpulize aondoke, na ukimponda osha kwa sabuni na maji papo hapo. Jipu nalo, lenye usaha na joto, mara nyingi ni la bakteria na linahitaji kituo cha afya, si kumsaka buibui.

Kama kweli umemwona akikuuma: osha kwa sabuni na maji, weka kitambaa cha baridi, vua pete na bangili kabla mkono haujavimba. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Nenda hospitali mara moja ukiona maumivu yanasambaa kutoka mahali alipouma, tumbo linakakamaa, jasho jingi, kutapika au kupumua kwa shida, na usisubiri dalili zozote kwa mtoto mdogo au mjamzito. Beba picha ya buibui, au yeye mwenyewe kwenye kopo lenye kifuniko.

Jina la simu na jina la kweli

Programu za kutambua picha zina tabia ya kupendekeza spishi za Marekani, kwa kuwa picha nyingi zilizowekwa ni za huko. Ukiambiwa Latrodectus mactans au Loxosceles reclusa kwa buibui aliyepigwa picha Morogoro au Kisumu, kataa: hao ni wa Amerika. Kwenye iNaturalist, mtandao wa kutambua viumbe kwa picha, weka mahali na tarehe kabla ya kuomba jina, pakia picha zote nne pamoja, na uchague familia au jenasi pale spishi isipokuwa na uhakika. Wachangiaji wanaojua kundi hilo ndio hushusha jina hadi spishi.

Na wakati mwingine hawashuki, kwa sababu halali. Orodha ya dunia ya buibui inayotunzwa Bern, Uswisi, ilivuka spishi 50,000 mwezi Aprili 2022, na nyingi kati yake hutenganishwa kwa kutazama viungo vya uzazi chini ya hadubini. Kwa bustani, jenasi inatosha karibu kila mara: ukishajua ni Argiope unajua kuwa unamwacha, ukishajua ni Latrodectus unavaa glavu. Ukihitaji spishi kamili, mnyama aliyekomaa awekwe kwenye alkoholi ya asilimia 70, na kwenye chupa iingie karatasi iliyoandikwa kwa penseli mahali, tarehe na alivyopatikana. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye alkoholi, na sampuli isiyo na mahali wala tarehe haina kazi kwa mtaalamu yeyote.